Elspeth Huxley: Binti wa walowezi aliyeifikisha Thika kwenye runinga za ng'ambo

MNAMO Septemba 1981, watazamaji wa runinga nchini Uingereza walianza kuonyeshwa tamthilia ya vipindi saba kuhusu mji ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia. Mji huo ni Thika. Tamthilia yenyewe, The Flame Trees of Thika, ilitayarishwa na kampuni ya Thames Television, ikapigwa picha papa hapa nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Marekani.

Tamthilia za kihistoria aghalabu husimulia habari za wafalme na malkia, vita vyao na ndoa zao. Hii ilimhusu msichana mdogo, wazazi wake waliopungukiwa na fedha, na shamba la kahawa lililokuwa bado nyika tupu. Hayley Mills aliigiza kama mama, David Robb kama baba, naye Holly Aird, ambaye wakati huo alikuwa angali mtoto, akaigiza kama binti yao Elspeth.

Elspeth huyo hakuwa mhusika wa kubuni. Alizaliwa London mnamo Julai 23, 1907, akiwa mtoto wa pekee wa Josceline Grant na mkewe Eleanor, aliyejulikana na wengi kwa jina la Nellie. Walikuwa watu wa ukoo mkubwa lakini mfuko mtupu. Baba alikuwa na kipaji cha kubuni biashara, na kipaji kikubwa zaidi cha kuzipotezea fedha. Mwaka wa 1912 wawili hao walikuja Afrika Mashariki kutafuta bahati, wakamwacha binti yao Uingereza. Aliwafuata mwishoni mwa 1913, akiwa na umri wa miaka sita.

Thika ya wakati huo ilijulikana pia kwa jina la Chania Bridge, yaani daraja la mto Chania. Hoteli ya Blue Posts, iliyo karibu na maporomoko ya mito Chania na Thika, ilikuwapo tayari. Leo msafiri akitoka Nairobi hupita Ruiru na Juja akafika Thika kwa muda wa saa moja hivi, msongamano wa magari ukimhurumia. Kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, mwendo huo huo ulimlazimu mtu kulala njiani.

Shamba la akina Grant liliitwa Kitimuru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejitwalia mamlaka ya kugawa ardhi kupitia sheria ya 1902, na mlowezi aliyefika na hati mkononi hakuhitaji kuuliza ni nani aliyelisha mbuzi wake pale kabla yake. Vibarua walitoka vijiji vya Wakikuyu vilivyo jirani. Wengi wao walisukumwa na kodi ya nyumba, ambayo ililipwa kwa fedha, nazo fedha zilipatikana kwa Mzungu.

Familia hiyo ilipanda kahawa, zao ambalo mche wake huhitaji kutunzwa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa kwa maana. Vita havikusubiri. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, baba alikwenda kupigana, na mwaka wa 1915 mama na binti wakarejea Uingereza. Kwa hivyo maisha ya Thika ambayo dunia ilikuja kuyatazama kwenye runinga hayakutimiza hata miaka miwili.

Walirudi Kenya vita vilipokwisha, lakini Kitimuru haikuwatajirisha. Wazazi walihamia Njoro katika miaka ya 1920 na kuanza upya. Elspeth, akiwa bado msichana, alianza kuandikia gazeti la East African Standard habari za mchezo wa polo, akitumia jina la bandia la Bamboo. Mwaka wa 1925 alikwenda kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kisha Cornell, Marekani. Mwaka wa 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley, na tangu hapo makao yake yakawa ng'ambo, ingawa alizuru Kenya mara kwa mara.

Kitabu kilichomtambulisha kilitoka mwaka wa 1935. Kilikuwa wasifu wa Lord Delamere, kiongozi wa walowezi aliyefariki mwaka wa 1931. Jina lake, White Man's Country, lilidai kwamba nchi hii ni ya Mzungu, na ni vigumu leo kukisoma bila kukunja uso. Humo walowezi ndio waliotia uhai katika ardhi iliyokuwa imelala.

Jambo la kustaajabisha ni lile lililofuata. Katika miaka hiyo ya 1930 Elspeth alihudhuria mafunzo ya Bronislaw Malinowski, bingwa wa elimu ya mila na jamii, mjini London. Miongoni mwa wanafunzi wa Malinowski alikuwamo Jomo Kenyatta. Kenyatta alikuwa mtu wa Gatundu, mwendo mfupi kutoka Thika. Wawili waliokulia karibu na mito ile ile, mmoja kwenye shamba la mlowezi na mwingine katika jamii iliyopokonywa ardhi, walikutana katika darasa moja ugenini. Huko nyumbani lisingekuwapo darasa la kuwaketisha pamoja.

Kila mmoja aliandika kitabu kuhusu Wakikuyu. Kenyatta alitoa Facing Mount Kenya mwaka wa 1938. Elspeth alirudi Kenya, akaishi kwa muda miongoni mwa Wakikuyu akiwasikiliza wazee kupitia mkalimani, na mwaka wa 1939 akatoa riwaya ya Red Strangers. Wageni wekundu wanaotajwa katika jina hilo ni Wazungu.

Riwaya hiyo inafuatilia ukoo mmoja wa Kikuyu kwa vizazi kadhaa, tangu kabla ya Mzungu kufika hadi miaka ya 1930. Msomaji huona kodi, mahakama na dini mpya kwa macho ya watu ambao mambo hayo yaliwaangukia bila maelezo. Mzungu ndiye kiumbe wa ajabu, asiyejua adabu, anayetoa amri zisizoeleweka. Kampuni ya uchapishaji ya Macmillan ilitaka sehemu inayoeleza tohara ya wasichana ipunguzwe. Mwandishi alikataa, akapeleka mswada wake kwa Chatto & Windus.

Je, aliyeandika vitabu hivyo viwili alikuwa mtu mmoja? Alikuwa mmoja, na hapo ndipo ugumu wa kumpima ulipo. Kuelewa hakukumfanya akubali. Katika barua alizoandikiana na msomi Margery Perham, zilizochapishwa mwaka wa 1944, bado aliwatetea walowezi, huku Perham akimbana kuhusu haki za Waafrika. Wakati wa vita vya Mau Mau aliandika riwaya nyingine, A Thing to Love, ambayo haikuwa upande wa wapiganaji wa msituni. Baadaye alikubali kwamba utawala wa Waafrika hauzuiliki, na mwaka wa 1960 aliketi katika Tume ya Monckton iliyochunguza mustakabali wa shirikisho la Rhodesia na Nyasaland.

Kitabu chake cha Thika kilichapishwa mwaka wa 1959, wakati hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Walowezi walikuwa wakihesabu siku zao, naye akawarudisha kwenye asubuhi ya mwanzo, katika kinywa cha mtoto asiyeulizwa maswali ya siasa. Wazazi wake aliwaita Robin na Tilly. Alichanganya kumbukumbu na ubunifu, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo, kwani mtoto wa miaka sita hakumbuki mazungumzo ya watu wazima neno kwa neno.

Runinga ilipenda zaidi mapenzi ya siri ya Lettice Palmer, jirani aliyeolewa, na Ian Crawfurd. Hata hivyo, kitabu kina pia Njombo, Mkikuyu anayedhoofika kwa kuamini amerogwa, na Tilly anayegundua kwamba dawa za Wazungu hazina la kufanya. Katika kurasa hizo mwandishi wa Red Strangers anaonekana tena. Lakini waliochagua kitabu cha kuigizwa mwaka wa 1981 walichukua kile cha 1959, si kile cha 1939, na hivyo mamilioni ng'ambo walijifunza kwamba historia ya Thika inaanza na mkokoteni wa Mzungu.

Kahawa nayo ilikuwa na tamthilia yake ambayo haikupigwa picha. Kwa miaka mingi mkulima wa Kikuyu, aliyejua kuipalilia, kuipogoa na kuichuma kuliko bwana wake, alizuiwa kuipanda kwake. Milango ilifunguliwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kituo cha utafiti wa kahawa kilicho Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na mche wenye jina la mji huo ukapandwa katika mashamba ya wakulima wadogo. Mashamba makubwa kadhaa ya walowezi, kuanzia Ruiru hadi Thika, sasa yameota nyumba.

Nellie, aliyeigizwa kama Tilly, aliendelea kulima Njoro hata baada ya uhuru, akaondoka mwaka wa 1965 akiwa mkongwe. Alifariki Ureno mwaka wa 1977, bila kuiona tamthilia. Binti yake alikusanya barua zake na kuzichapisha mwaka wa 1980.

Elspeth Huxley alifariki mnamo Januari 10, 1997 mjini Tetbury, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 89, baada ya kuandika zaidi ya vitabu 30. Wakati huo Red Strangers ilikuwa imeadimika madukani. Ilichapishwa upya na Penguin mwaka wa 1999, kwa juhudi za mwanasayansi Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi, ambaye pia aliiandikia dibaji.