Cajal, mtukutu aliyefichua siri ya ukuaji wa neva

KATIKA kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania, Mei 1, 1852, alizaliwa Santiago Ramón y Cajal, mtoto mtukutu aliyewashinda walimu wake. Alipenda kuchora kuliko kusoma. Babake, Justo, ambaye alikuwa tabibu, aliona uchoraji kuwa upuuzi, akampeleka kufunzwa unyozi na kisha ushonaji viatu. Mifupa ya makaburini ndiyo iliyowapatanisha: baba alimfundisha kwayo maumbile ya mwili, naye mwana akaichora.

Alihitimu udaktari jijini Zaragoza mwaka wa 1873, akatumwa Cuba kuwatibu wanajeshi. Malaria nusura immalize huko.

Mwaka wa 1887 alionyeshwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi ya kutia seli rangi kwa chumvi ya fedha. Golgi alishikilia kwamba neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal alichunguza ubongo wa ndege na viinitete, ambamo seli bado hazijasongamana, akabaini kuwa kila seli inajitegemea. Kwa kuwa wataalamu wachache mno walisoma Kihispania, mwaka wa 1889 alifunga safari hadi Berlin kuwaonyesha ushahidi wake kwa hadubini. Albert von Kölliker, bingwa wa fani hiyo, alikubali.

Mwaka uliofuata, katika kiinitete cha kuku, aliona kwenye ncha ya uzi wa neva unaokua uvimbe mdogo wenye umbo la pia. Alitazama seli zilizokufa, lakini akatambua kuwa ncha hiyo hujipenyeza kutafuta njia, na mwaka wa 1892 akapendekeza kuwa huvutwa na kemikali. Ulikuwa ujasiri si haba! Mwaka wa 1907, Mmarekani Ross Harrison alishuhudia uzi wa neva ya chura ukikua ungali hai.

Leo yajulikana kuwa protini zilizo kwenye utando wa ncha hiyo hupokea kemikali hizo, na nyingine hufungua vijilango vya kuingizia kalsiamu. Kalsiamu inapozidi upande mmoja, ncha hugeuka. Kiasi chake huchangia kuamua iwapo itasogea au itakwepa.

Mnamo 1906, Cajal na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel jijini Stockholm. Golgi alitumia hotuba yake kuupinga msimamo wa mwenzake. Hadubini za elektroni zilimpa Cajal ushindi katika miaka ya 1950, lakini yeye alikuwa amefariki Madrid mnamo Oktoba 17, 1934. Michoro yake ingali inachapishwa vitabuni.