Majid bin Said: Aliyeanza Dar es Salaam kwa mkopo

Wengi wanaotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kigali au Bujumbura hawamjui aliyeichagua bandari hiyo. Ni Majid bin Said, aliyeanza kutawala Zanzibar mwaka 1856 baada ya kifo cha baba yake, Seyyid Said.

Utawala wake ulianza kwa ugomvi wa urithi. Ndugu yake Thuwaini alishika Oman, na mwingine, Barghash, akamwasi mwaka 1859. Waingereza walipoamua mwaka 1861 kwamba Oman na Zanzibar zitengane, Majid alitakiwa kuilipa Oman riali 40,000 kila mwaka.

Pamoja na mzigo huo, katikati ya miaka ya 1860 akaanza kujenga mji mpya bara, kando ya kijiji cha Mzizima. Hesabu yake ya kibiashara ilikuwa sahihi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa ikishukia Bagamoyo, ambako maji ni mafupi na vyombo hutia nanga mbali na ufuko. Mzizima palikuwa na ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo. Akajenga kasri, nyumba za mawe na visima, akawavuta wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wahamie. Kazi nzito ilifanywa na watumwa, jambo ambalo sifa za mji huu husahau kulitaja. Septemba 1867 aliwaandalia karamu huko makonseli wa mataifa ya kigeni.

Tatizo lilikuwa fedha. Ushuru wa bidhaa za nje, asilimia 5 kwa mujibu wa mikataba na mataifa makubwa, hakuukusanya mwenyewe. Forodha ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, iliyomlipa sultani kiasi cha mwaka kilichokubaliwa, kisha ikajikusanyia ushuru kwa wenye mizigo. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomkopesha. Yaani mapato ya kesho yalikuwa yameshawekwa rehani kabla jiwe halijawekwa juu ya jiwe. Mji nao haukuwa na hazina yake wala chombo cha kuuendesha. Ulitegemea mfuko na uhai wa mtu mmoja.

Mtu huyo alifariki Oktoba 1870, akiwa na umri wa miaka 30 na ushei. Barghash alirithi kiti pamoja na madeni, na hakuwa na hamu na mradi wa kaka yake. Ujenzi ukasimama, majengo yakaanza kubomoka. Misafara iliendelea na Bagamoyo, na mtu hawezi kuwalaumu wenye mali: madalali, maghala na wakopeshaji wao walikuwa huko.

Wajerumani walipofika, kina cha maji kiliwavutia kama kilivyomvutia Majid. Mwaka 1891 walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo na kuweka kanuni za ujenzi. Reli iliyoanza hapo mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na mizigo ya Ziwa Tanganyika ikapata njia ambayo Majid aliiwazia misafara.

Jengo moja la zama zake, Boma la Kale, bado lipo Barabara ya Sokoine, likitazama bandari.