Bibi Salme na Jina Lake Jipya



Nilihamia Riyadh nikiwa mtu mzima, na kila likizo nilikwenda Jeddah kuitazama Bahari ya Shamu. Hapo nilikuwa nikimkumbuka Bibi Salme binti Said, aliyeipita bahari hiyo mwaka 1867 akielekea Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Seyyid Said. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa, akaitwa Emily, na siku iyo hiyo akafunga ndoa.

Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu wachanga. Alirejea Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai urithi, lakini nduguze hawakumpokea. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Nionavyo, ubatizo ulimpa jina jipya kwa siku moja. Waliomnyima jamaa ni watu.

Katika ukoo wetu wamo Waislamu na Wakristo. Binamu yetu aliyebatizwa ugenini hakualikwa mikutanoni kwa miaka kumi na miwili, nami ni miongoni mwa walionyamaza. Mwaka huu nimemwandikia barua. Akija, tumwite kwa jina alilolichagua, kisha tumuulize habari za watoto.