Lugha ndiyo iliyompa Fela nguvu, na ndiyo iliyomponza

Kila atajwapo Fela Anikulapo Kuti, mwanamuziki wa Nigeria aliyefariki mjini Lagos tarehe 2 Agosti 1997, watu hukumbuka mambo matatu: bangi, wake 27 na ugomvi wake na wanajeshi. Mambo hayo yalikuwapo, wala sikusudii kuyafunika. Hata hivyo, kwa maoni yangu mimi niliyezoea kusomesha isimu, jambo lililomfanya Fela kuwa Fela husahauliwa. Jambo lenyewe ni lugha. Mtu huyu alikuwa na Kiingereza cha wasomi na Kiyoruba cha wazazi wake, lakini kwa sehemu kubwa ya kazi yake alichagua kuimba kwa Pijini, lugha iliyodharauliwa na wengi wa waliosoma. Uamuzi huo ndio uliompa nguvu, na ndio uliomponza.

Olufela Olusegun Oludotun Ransome-Kuti alizaliwa Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria, tarehe 15 Oktoba 1938. Kwao kulikuwa nyumba ya kanisa na shule. Babu yake, Mchungaji Josiah Ransome-Kuti, alirekodi nyimbo za dini kwa Kiyoruba katika miaka ya 1920. Baba yake, Mchungaji Israel, alikuwa mwalimu mkuu wa Abeokuta Grammar School na rais wa kwanza wa chama cha walimu wa Nigeria. Mwandishi Wole Soyinka, aliyetuzwa Nobeli ya fasihi mwaka 1986, ni binamu yake.

Lakini aliyemtangulia Fela katika njia ya lugha ni mama yake mzazi, Funmilayo. Mwanamke huyu alisoma Uingereza, na Kiingereza alikijua barabara. Alipoongoza wanawake wa sokoni kupinga kodi ya wakoloni katika miaka ya 1940, alivua magauni ya kizungu akavaa mavazi ya kwao, na mbele ya maofisa wa Kiingereza akasema Kiyoruba, wao watafute mkalimani. Wanawake hao walimshinikiza Alake, mtawala wa Abeokuta, hata akaondoka katika kiti chake mwaka 1949. Fela alikuwa mtoto wa miaka kumi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwaka 1958 wazazi walimpeleka London akasomee udaktari, kama walivyosomea nduguze Olikoye na Beko. Yeye akajiandikisha katika chuo cha muziki cha Trinity. Huko alijifunza tarumbeta, akaunda bendi iliyoitwa Koola Lobitos, na mwaka 1963 akarudi nyumbani. Alifanya kazi katika shirika la utangazaji la Nigeria akiwa mtayarishaji wa vipindi, huku akipiga muziki uliochanganya jazi na hailaifu ya Afrika Magharibi. Muziki huo ulikuwa mzuri kwa mafundi wenzake, lakini umma haukuushangilia.

Mwaka 1969 alikwenda na bendi yake Marekani, akakaa miezi kadhaa Los Angeles. Huko alikutana na Sandra Smith, mwanamke Mwafrika wa Marekani aliyehusiana na vuguvugu la Black Panther. Sandra alimpa maisha ya Malcolm X ayasome, akamhoji kuhusu nyimbo zake zinamwambia nini mtu mweusi. Ajabu ya dunia, mwana wa Funmilayo alilazimika kuvuka bahari ndipo aanze kujiuliza swali ambalo mama yake alikuwa amelijibu zamani.

Aliporejea Lagos mwaka 1970, vita vya Biafra vilikuwa vimekwisha. Mji ulifurika watu kutoka kila pembe: Wayoruba, Waigbo, Wahausa, Waedo na wengine katika nchi yenye lugha zaidi ya 500. Aliyeimba Kiyoruba alieleweka na Wayoruba. Aliyeimba Kiingereza sanifu alieleweka na walioketi darasani miaka mingi. Kondakta, mama lishe, kuli wa bandarini na askari wa cheo cha chini walikutana katika Pijini. Wimbo wake uliovuma mwanzoni mwa miaka hiyo ulikuwa na majina mawili, Jeun K'oku kwa Kiyoruba na Chop and Quench kwa Pijini, kana kwamba mwenyewe yuko mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Baada ya hapo aliingia ndani kabisa.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wapo wanaosema Pijini ni Kiingereza kibovu. La hasha! Pijini ya Nigeria ina sarufi yake, na anayeikosea hurekebishwa na wenyeji wake. Neno don likitangulia kitenzi huonyesha kuwa tendo limekamilika, kama kiambishi -me- katika Kiswahili chetu. Neno dey huonyesha kuwa tendo linaendelea, kama -na- yetu. Ina maneno ya Kireno yaliyobaki tangu enzi za mabaharia, kama sabi, yaani kujua, na pikin, yaani mtoto, sawa na vile pwani yetu ilivyobaki na meza, leso na gereza. Lugha haiwi mbovu kwa sababu watu wake ni maskini. Hiyo ni hukumu juu ya watu iliyovikwa joho la sarufi.

Fela aliielewa hukumu hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 alitoa wimbo mzima uliowakejeli wanaotawala wenzao kwa ukubwa wa maneno ya Kiingereza, na jina la wimbo huo, Mr. Grammarticalogylisationalism Is the Boss, lenyewe ni kejeli tosha. Katika Gentleman, wa mwaka 1973, alimcheka Mwafrika anayejifunga suti na tai katika jua la Lagos. Katika Yellow Fever, wa mwaka 1976, aliwasuta wanaojichubua ngozi. Haya yote aliyasema juu ya muziki alioubuni na kuuita Afrobeat, akiwa mtunzi, kiongozi wa bendi na mtayarishaji wa santuri zake. Ngoma za Tony Allen, magitaa yanayorudia mlio mmoja bila kuchoka, saksafoni, na sauti za wanawake wanaoitikia, vyote vilijenga wimbo mmoja uliojaza upande mzima wa santuri. Msikilizaji alipewa muda wa kucheza kwanza, kisha akasikia neno lenyewe.

Mwaka 1976 alirekodi Zombie. Wimbo huo uliwafananisha wanajeshi na maiti wanaotembea, wasioenda wala kusimama pasipo amri. Angaliuimba kwa Kiyoruba, nusu ya jeshi lisingeuelewa. Angaliuandika kwa Kiingereza cha vitabuni, ungalijadiliwa vyuoni na kusahauliwa. Ulikuwa kwa Pijini, na Pijini ndiyo iliyosemwa kambini. Watoto mitaani waliwaimbia wanajeshi wimbo huo wakiandamana kwa mwendo wa kijeshi, na kila askari alielewa kila neno.

Tarehe 18 Februari 1977, askari wapatao 1,000 waliizingira nyumba ya Fela mjini Lagos, aliyokuwa ameiita Jamhuri ya Kalakuta. Walipiga watu, waliwadhulumu wanawake, waliiteketeza nyumba pamoja na vyombo na kanda za muziki. Mama Funmilayo, aliyekuwa na umri wa miaka 76, alitupwa kutoka dirishani. Alifariki mwaka uliofuata, tarehe 13 Aprili 1978. Tume ya serikali ilichunguza na kuamua kuwa kosa lilitendwa na askari asiyejulikana. Fela alijibu kwa namna mbili. Mwaka 1979 alilipeleka jeneza hadi Dodan Barracks, makao ya mtawala wa kijeshi Olusegun Obasanjo, akaliacha pale. Kisha akatunga nyimbo mbili, Unknown Soldier na Coffin for Head of State, ambazo ni ushahidi kuliko ripoti ile.

Mateso hayakukoma. Alikamatwa mara nyingi. Mwaka 1979 aliunda chama cha kisiasa akitaka kugombea urais, akazuiwa. Mwaka 1984, chini ya utawala wa Muhammadu Buhari, alikamatwa uwanja wa ndege kwa mashtaka ya fedha za kigeni, akahukumiwa miaka mitano. Amnesty International ilimtangaza kuwa mfungwa wa dhamiri, naye akaachiliwa mwaka 1986 baada ya takriban miezi 20. Aliendelea kuimba.

Hata hivyo, anayemsifu Fela bila kumkosoa hamtendei haki, wala hawatendei haki wanawake. Mwaka 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja, wengi wao waimbaji na wachezaji waliopigwa pamoja naye Kalakuta. Katika Lady, wa mwaka 1972, alimkejeli mwanamke anayetaka usawa na mwanamume. Mwana wa Funmilayo, jamani! Mama aliyeng'oa mtawala kwa ajili ya haki za wanawake, mwanawe akawaimbia wanawake wajue nafasi yao. Lugha ya umma aliyokuwa nayo aliitumia vyema dhidi ya wenye bunduki, lakini ndani ya ua wake yeye ndiye aliyekuwa mtawala.

Na lipo zito zaidi. Katika miaka yake ya mwisho Ukimwi ulikuwa ukiwamaliza Waafrika, naye aliudharau hadharani na kuzikejeli kinga zake. Hakuna mtu Nigeria aliyekuwa na sikio la kondakta, kuli na mama lishe kama yeye. Neno moja lake kwa Pijini lingeliokoa wangapi? Hakulisema. Siku moja baada ya kifo chake, ndugu yake Profesa Olikoye, aliyewahi kuwa waziri wa afya, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba Fela alifariki kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi. Wakati ule familia nyingi zilikuwa zikificha. Kwa hesabu yangu, tangazo lile ni sehemu ya maisha ya Fela kama ulivyo wimbo wowote: familia ilisema kweli ambayo msema kweli wao aliikataa.

Maziko yake yalijaza Uwanja wa Tafawa Balewa na barabara za Lagos, na inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni moja walitoka. Mwaka 2017, miaka 20 baadaye, BBC ilianzisha idhaa ya Pijini. Vijana wa muziki unaoitwa Afrobeats, ulioazima jina la muziki wake ingawa mdundo ni tofauti, huimba Pijini katika viwanja vya Ulaya na Marekani, na hakuna anayewaambia waende kwanza wakajifunze Kiingereza. Njia hiyo haikujifyeka yenyewe.

Hii ndiyo sababu nasema tuache kumsimulia Fela kama kioja. Maisha yake yanatufundisha kwamba lugha ya watu wengi ni amana. Anayeichagua anapata masikio ambayo hakuna profesa wala waziri anayeyapata, na wenye mamlaka watamwogopa kwa sababu hiyohiyo. Lakini amana ina deni. Aliyepewa masikio ya umma anadaiwa kweli yote, hata ile inayomchoma mwenyewe. Fela alilipa sehemu kubwa ya deni hilo kwa nyumba yake, kwa mwili wake na kwa uhai wa mama yake. Sehemu iliyobaki alilipiwa na ndugu yake.