John Pender na meli za kutandika kamba

Katika bulletini hii tumezoea kusoma maisha ya wahubiri, waganga na wafalme. Mara hii tumechagua mchuuzi wa nguo. Jina lake John Pender.

Wale kati yetu wanaokusanya tembre za posta wanajua ile meli kubwa sana yenye milingoti sita, Great Eastern. Nchi nyingi zimechapa picha yake. Tena mwaka 1999 visiwa vya Ascension na Saint Helena vilitoa tembre zenye meli zingine za kazi ile ile, moja ni Anglia. Mtu atajiuliza: hizi meli zilibeba nini hata zikapewa heshima hiyo? Hazikubeba wafalme wala dhahabu. Zilibeba kamba ya telegrafi, na kazi yao ilikuwa kuitandika chini ya bahari. Pender ndiye mtu aliyetafuta pesa za kazi ile kupita wengine wote.

Alizaliwa Scotland mwaka 1816, tarehe 10 mwezi wa tisa, katika bonde la Leven. Si mbali na pale, miaka mitatu mbele yake, alizaliwa Livingstone ambaye wazee wetu walimwona hapa Maniema. Wote wawili walianza kazi wakingali vijana katika viwanda, Livingstone kwenye mashini ya pamba, Pender kwenye meza ya karani. Kisha njia zao zikaachana. Mmoja alifuata Injili na safari, mwingine biashara. Pender alipofika miaka 21 alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kiwanda. Baadaye akafanya uchuuzi wa nguo Glasgow na Manchester, akawa tajiri.

Mchuuzi anaishi kwa habari. Yule anayejua bei ya mbele ya wengine ndiye anayepata faida. Juu ya hiyo, telegrafi ilipoanza, Pender alielewa upesi maana yake. Telegrafi ni kutuma nguvu ya umeme katika waya, kwa alama zinazosimama pahali pa herufi. Kwa inchi kavu haikuwa shida: unasimamisha miti na kufunga waya. Lakini bahari je?

Mwaka 1856 watu walikusanya pesa kwa kupitisha kamba chini ya bahari ya Atlantiki, toka Ireland mpaka Amerika. Pender alikuwa kati yao, akatoa pauni 1,000. Mwaka 1857 kamba ilikatika ikazama. Mwaka 1858 ilifika ngambo, watu wakafurahi sana, lakini kiisha majuma matatu hivi ikanyamaza kabisa. Pesa mingi ilipotea mu maji. Wengi wakaacha.

Pender hakuacha. Mwaka 1864 alitaka kuunganisha kampuni mbili, moja iliyojua kufunika waya na moja iliyojua kutengeneza kamba yenyewe. Wenye kampuni ya kwanza waliogopa hasara. Basi Pender akaweka mali yake mwenyewe kuwa dhamana, pauni 250,000. Kama kazi ingekufa, naye angebaki maskini.

Sasa tueleze ginsi kamba ile ilivyokuwa. Katikati mlikuwa nyuzi za shaba, ndimo umeme unamopita. Juu ya shaba walipaka gutta-percha, utomvu wa miti ya Malaya na Borneo, sababu maji ya chumvi hayaiharibu. Juu yake tena katani, na inje nyuzi za chuma za kuilinda na mawe. Utomvu ule ulitoka kwa kuangusha miti, na miti ile ilikwisha karibu yote katika sehemu zingine. Sisi wa Kongo, ambao babu zetu walilazimishwa kutafuta mpira porini, tunajua kwamba kitu kinachometameta Ulaya kina mizizi yake mu pori la watu wengine. Lakini ile miti na wale watu hawamo mu tembre.

Kamba nzima ya Atlantiki ilikuwa nzito mno kwa meli ya kawaida. Ile Great Eastern, yenye urefu wa metre 211, ilikuwa imejengwa kubeba wasafiri 4,000, lakini wasafiri hawakupatikana. Kumbe ndiyo ilifaa. Walilaza kamba katika matangi makubwa ndani ya meli, wakaifungua pole pole kwa nyuma, wakishika breki ili isikatike, na mafundi wakipima umeme mchana na usiku. Tarehe 2 mwezi wa nane 1865, zaidi ya nusu ya njia imekwisha, kamba ilikatika ikazama zaidi ya kilometa tatu. Walijaribu kuivua kwa ndoana za chuma, wakashindwa.

Mwaka uliofuata walirudi na kamba mpya. Tarehe 27 mwezi wa saba 1866 ilifika Newfoundland, ikasema. Halafu meli ikarudi katikati ya bahari, ikavua ile ya 1865 na kuimaliza. Toka siku ile Ulaya na Amerika zilikuwa na kamba mbili.

Pender akageukia upande wa mashariki. Mwaka 1870 Great Eastern, iliyopakwa rangi nyeupe juu ya joto, ilitandika kamba toka Bombay mpaka Aden, na London ikaweza kusema na India. Lakini pwani yetu ya Afrika ilibaki bila kitu. Livingstone alipokuwa Kabambare, mguu wake ukiwa na vidonda, barua zake nyingi zilipotea njiani. Alikufa mwezi wa tano 1873, na London walipata habari mwezi wa kwanza 1874.

Haikuwa kifo cha mmisionari kilicholeta kamba huku, ilikuwa vita. Tarehe 22 mwezi wa kwanza 1879 Wazulu walishinda jeshi la Waingereza pale Isandlwana, na habari ilichukua siku 20 kufika London. Hapo serikali ya Uingereza ikakubali kutoa pesa kila mwaka, na kampuni mpya ya Pender ikaunganisha Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban. Kufika mwisho wa 1879 kazi ilikuwa imekwisha. Sultani Barghash alifurahi.

Lakini tuangalie kilichofuata. Mwaka 1885 Wajeremani walisema sehemu za bara ni zao. Barghash alipeleka neno la kukataa kwa telegrafi mpaka kwa mfalme wa Ujerumani. Neno lilifika upesi. Jibu lililofika mwezi wa nane lilikuwa manowari. Na Tippu Tip, aliyerudi Zanzibar mwaka 1891, aliishi katika mji uliojua habari za London siku ile ile, lakini habari ya kuanguka kwa Kasongo yake, tarehe 22 mwezi wa nne 1893, ilipaswa kutembea kwa miguu.

Pender hakuwa malaika. Mwaka 1866 alitolewa mu bunge sababu kura zilinunuliwa. Baadaye alirudi bungeni, akapewa na cheo cha heshima, na watu wakamwita mfalme wa kamba. Alikufa tarehe 7 mwezi wa saba 1896, na kampuni zake zilikuwa kubwa kupita zote duniani kwa kazi ile. Mwaka 1934 zilipata jina la Cable and Wireless. Mwaka 2009 na 2010 kamba mpya za nyuzi za kioo, SEACOM na EASSy, zilipita pwani ile ile ya mashariki, zikibeba intaneti.

Wandugu, sisi tunaona mafundisho mawili katika maisha haya. La kwanza, kamba iliyozama inaweza kuvuliwa, kama kuna mtu anayekubali kurudi pale ilipokatikia. La pili, kamba inapeleka neno tu, haimpi mwenye neno nguvu. Barghash alikuwa na neno la haki, lakini meli, mashini na mafundi vilikuwa vya wengine. Kwa hiyo tusome hesabu na fizika kwa bidii, ao sivyo tutabaki kuangalia meli za watu mu tembre.