JEAN-BOSCO MWENDA: VIDOLE VIWILI VILIVYOFUNZA AFRIKA MASHARIKI GITAA

Kabla hamjakimbilia kurasa za vitendawili na mashairi, nawaomba mketi nami kidogo. Nina hadithi ya mtu mmoja ambaye sote tumewahi kuusikia mkono wake, ingawa wachache wetu wanalijua jina lake.

Hapa kwetu Busia kila mtoto anajua kwamba boda boda ilianzia mpakani. Vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba abiria na mizigo yao kutoka boda ya upande huu hadi boda ya upande wa Uganda, na jina likashika. Leo boda boda ziko Nairobi, ziko Kampala, ziko Dar es Salaam, na wengi wanaozipanda hawajui zilikotoka wala hawaulizi. Basi jambo lilo hilo ndilo lililompata Jean-Bosco Mwenda. Upigaji wake wa gitaa ulienea kila mahali, lakini mwenyewe akaachwa nyuma kama kilomita zilizokwisha kupitwa.

KUZALIWA KWAKE

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, katika jimbo la Katanga, kusini mashariki mwa nchi iliyoitwa wakati ule Kongo ya Wabelgiji. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi tu. Ndiko kulikokuwa na makao ya mfalme Msiri wa Wayeke, aliyeuawa mwezi wa Desemba 1891 na msafara wa Wazungu waliokuja kuitwaa nchi yake. Na hao Wayeke asili yao ni Tanzania magharibi, pande za Unyamwezi na Usumbwa. Walikwenda Katanga katika karne ya 19 wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba Mkongomani huyu alikuja kuimba kwa Kiswahili. Wazee wake walitoka huku huku kwetu Afrika Mashariki! Baadaye katika maisha yake alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke, maana yake Mwenda wa Wayeke.

Alipokuwa kijana alikaa Jadotville, mji wa migodi ambao siku hizi unaitwa Likasi. Katanga ilikuwa na shaba nyingi, na shaba ilihitaji mikono mingi. Watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi, kila mmoja na lugha yake, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Walikuja pia na muziki wao. Santuri za Kikuba zilikuwa zikizunguka kwenye gramafoni, sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani zilikuwa zikionyeshwa, na ngoma za nyumbani hazikusahauliwa. Kijana Mwenda aliyasikia yote hayo, akayachanganya katika chungu kimoja, akayapika kwenye nyuzi sita.

SIKU ILIYOBADILI MAISHA YAKE

Mwezi wa Februari 1952 alifika Jadotville bwana mmoja aitwaye Hugh Tracey. Huyu alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, na kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika na mitambo ya kunasia sauti, akikusanya muziki wa makabila mbalimbali. Huko mitaani ndiko alikomkuta kijana wa miaka 22 hivi akipiga gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme. Hakuwa na bendi nyuma yake, hakuwa na mpiga ngoma wala mpiga besi. Alikuwa peke yake na ubao wake.

Tracey akafungua mitambo. Miongoni mwa nyimbo alizonasa kulikuwa na Masanga. Wimbo huo ukatolewa kwenye santuri za Gallotone za Afrika ya Kusini, ukapata tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo, na ukasafiri. Ulifika Rhodesia, ukafika Tanganyika, ukafika Kenya na Uganda. Katika siku zile za gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, mtu akiwa na santuri moja nyumbani, majirani wote walikuwa wamealikwa. Jina la Bosco likawa kubwa kuliko Jadotville.

ALIKUWA AKIFANYA NINI HASA?

Hapa ndipo nataka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ubishi ulipo. Ukitaja wapiga gitaa wa Kongo katika bweni lolote, utasikia Franco, utasikia Dokta Nico, na wale wa Soukous Stars. Hao nawaheshimu, na sina ugomvi nao. Lakini hebu tufikirie. Katika bendi kuna mtu wa solo, kuna mtu wa rithimu, kuna mtu wa besi na kuna mtu wa ngoma. Kila mmoja ana kazi yake na mwenzake akikosea wengine watamfunika. Mwenda alizifanya kazi hizo zote nne peke yake, tena kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada.

Kidole gumba kilikuwa mzee wa nyumba. Kilitembea kwenye nyuzi nene za chini, taratibu bila kuchoka, kikitoa besi. Kidole cha shahada kilikuwa mtoto mtundu. Kiliruka kwenye nyuzi nyembamba kikitoa sauti ya wimbo, mara kinatangulia, mara kinachelewa makusudi, mara kinaingia katikati ya hatua mbili za mzee. Ukisikiliza Masanga kwa makini utaona kwamba gumba linahesabu kivyake na shahada inahesabu kivyake, lakini mwisho wa mstari wote wawili wanakutana mlangoni. Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza huapa kwamba hapo kuna magitaa mawili. Kumbe ni moja!

Jambo la pili ni kwamba hakuwa mtu wa kukariri. Aliuchukua muziki mfupi, akaupiga, kisha akaurudia akiwa ameugeuza kidogo, kisha tena, kama fundi wa kusimulia ngano ambaye kila usiku hadithi ni ile ile lakini watoto hawalali. Msomi mmoja, David Rycroft, alikaa chini na santuri zake akazisikiliza sauti moja moja na kuziandika kwa alama za muziki, kisha akachapisha makala juu ya ufundi huo katika jarida la African Music mnamo 1961 na 1962. Fikirini, ndugu zangu. Wasomi wa ng'ambo walikuwa wakimsoma Mwenda kama sisi tunavyosoma fasihi ya mtihani, na sisi tulioimbiwa kwa lugha yetu hatumjui!

Na lugha yenyewe nayo isisahaulike. Mwenda aliimba sana kwa Kiswahili cha Katanga, Kiswahili cha mgodini na sokoni, ambacho huenda mwalimu wetu angekitia wino mwekundu katika ngeli. Hata hivyo kilieleweka kuanzia Likasi hadi Mombasa. Nyimbo kama Bombalaka na Mama na Mwana ziliwafikia watu ambao hawakuwahi kuiona Katanga hata kwenye ramani.

MWENDA NAIROBI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikuja kuishi Nairobi kwa muda. Binamu yake Edouard Masengo, naye fundi wa gitaa, pia alikuja Kenya na akapendwa sana. Mwenda alikuwa na kipindi chake cha kawaida redioni, na vijana wa Kenya wakawa wanafunzi wake bila ada wala sare. Wengine walimwona ana kwa ana, wengi zaidi walimsikia tu, wakashika magitaa yao na kujaribu mpaka vidole vikaota sugu.

Nyumbani kwake nako mambo yalikuwa moto. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye, Julai 11, Katanga ikajitangaza kuwa nchi peke yake. Vita na fujo viliendelea mpaka Januari 1963.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Magharibi ya Kenya palikuwa tayari na masikio ya kumpokea. Wabukusu walikuwa na litungu, Wateso wa huku kwetu na kule Malaba walikuwa na adeudeu, Wajaluo walikuwa na nyatiti. Vyombo hivyo vyote ni vya nyuzi na hudonolewa kwa vidole. Mtu aliyekuzwa na litungu hakuhitaji kuelezwa mara mbili namna ya kuzipa nyuzi kazi tofauti tofauti. Ndiyo maana wapiga gitaa la vidole walichipuka huku kwetu kama uyoga baada ya mvua. Palikuwa na George Mukabi, palikuwa na John Mwale, palikuwa na Isaya Mwinamo. Mukabi aliutia ndani ya gitaa mdundo wa isikuti, na mtindo wake ukajulikana kama omutibo. Kwa bahati mbaya aliuawa mwaka wa 1963 akiwa bado kijana.

Baada yao wakaja Abana ba Nasery, akina Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, magitaa mawili na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa na kugongwa kama chombo cha ngoma. Msicheke! Chupa hiyo ilifika Uingereza mwaka wa 1991 watatu hao walipozuru huko. Simaanishi kwamba hawa wote walimwiga Mwenda, la hasha. Kila mmoja alikuwa na yake. Lakini mlango alioufungua Mwenda ndio ambao wengi walipitia.

MIAKA YA BAADAYE

Mwenda alirudi kwao na sehemu kubwa ya maisha yake akaishi Lubumbashi. Kuna somo hapa kwa wale wetu wanaotaka kuacha vitabu ili wawe wanamuziki. Pamoja na jina lote lile, Mwenda hakulitegemea gitaa peke yake. Alifanya kazi benki, alifanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines, alisimamia bendi, na kwa miaka mingi alikuwa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia. Sisi watu wa mpakani tunaelewa maana ya hoteli ya mpakani: magari hayalali, na mwenye akili hali njaa.

Hata hivyo dunia haikumwacha kabisa. Mwaka wa 1969 alialikwa kwenye tamasha maarufu la nyimbo za kienyeji la Newport huko Marekani, na mwaka wa 1988 alirekodi nyimbo zake tena mjini Cape Town. Wageni walizidi kufunga safari hadi Lubumbashi kujifunza kwake. Mmoja wao, Mmarekani Elijah Wald, alikwenda huko mwaka wa 1990.

Mwaka huo huo ndio uliokuwa wa mwisho. Mwezi wa Septemba 1990, Mwenda alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60. Vidole viwili vikanyamaza.

TUMKUMBUKE KWA NINI?

Wengine watauliza, ya kale yana faida gani? Nami nawajibu kwa hoja tatu.

Kwanza, ni haki yake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Vivyo hivyo aliyenyamaza msidhani hana deni analotudai. Kila gitaa la vidole linalolia kwenye matanga au sherehe za huku kwetu limechukua kitu kutoka kwake, na anayekula matunda hana budi kuujua mti.

Pili, gitaa kavu limedharauliwa mno. Siku hizi mtu akionekana na gitaa la ubao chini ya mwembe watu humdhania mlevi au mtu asiye na kazi. Tumesahau kwamba gitaa la namna hiyo hiyo, lisilo na waya wala spika, ndilo lililovuka mipaka wakati sisi tungali hatuna pasipoti zetu wenyewe. Kelele nyingi si ufundi mwingi.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, ni habari ya kumbukumbu. Tunamsikia Mwenda leo kwa sababu mgeni mmoja alipita na mtambo wake siku ile ya Februari 1952. Je, wale ambao mgeni hakupita kwao? Huku kwetu, kati ya Mundika na Malaba, bado wapo wazee wapigao adeudeu, litungu na gitaa kavu ambao hawajawahi kunaswa na mtu yeyote. Mzee akifa anazikwa na nyuzi zake zote. Tusingoje mgeni mwingine. Mtu akienda likizo na akamkuta babu wa jirani anadonoa nyuzi jioni, asipite. Aketi, asikilize, aulize jina la wimbo na alijifunza kwa nani, kisha aandike. Jarida hili lina kurasa, na mwakani litazihitaji habari hizo.

Nikomee hapo nisije nikawachosha. Mungu ailaze roho ya Jean-Bosco Mwenda mahali pema, na vidole vya vijana wa Mundika visikose kazi.