Haji Zeynalabdin Taghiyev, Tajiri Aliyewafungulia Shule Wana wa Kike

Sisi watu wa pwani nguo twaijua. Bafta, marekani, kaniki, zote zimepita mikononi mwetu. Lakini ni wachache miongoni mwetu wamjuao Mwislamu mmoja wa mji wa Baku, nchi ya Azerbaijan kando ya bahari ya Caspian, aliyesimamisha kiwanda cha nguo kwao na mali yake akaitumia kwa jambo ambalo hata huku kwetu lilizusha ubishi barazani. Naye ni Haji Zeynalabdin Taghiyev.

Baba yake alikuwa mshona viatu. Yeye mwenyewe tangu utotoni alifanya kazi ya uashi, na kusoma hakujaaliwa. Mwaka 1873, yeye na wenzake walikodi kiwanja huko Bibi-Heybat wakaanza kutafuta mafuta. Wakachimba, wakachimba, wasione kitu. Wenzake wakakata tamaa. Yeye akanunua mafungu yao akaendelea. Hatimaye mafuta yakafoka, na mwana wa mshona viatu akawa katika matajiri wakubwa wa dola ya Urusi, maana Baku zama hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Mwaka 1897 aliwauzia Waingereza kampuni yake ya mafuta kwa rubo milioni 5, kisha akaingia katika pamba. Pamba ya nchi zile ilikuwa ikipelekwa Urusi ikiwa ghafi, na wenyewe kuja kuinunua tena ikiwa nguo. Wakulima wetu wa pamba hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Haji akajenga kiwanda cha kusokota na kufuma papo hapo Baku, na ubavuni mwake nyumba za wafanyi kazi, shule na msikiti.

Hata hivyo, mimi namheshimu zaidi kwa shule ya wasichana. Wakati huo binti wa Kiislamu katika dola ile hakuwa na shule ya elimu ya kisasa iliyo yake. Haji aliomba ruhusa, akakataliwa. Hakukoma. Alipotawazwa mfalme mpya, Nicholas wa Pili, mwaka 1896, aliomba tena, na safari hii shule akaiita kwa jina la malkia Alexandra. Hiyo ni akili ya mfanyi biashara: ni afisa gani angethubutu kuifunga shule yenye jina la mke wa mfalme?

Shida ya pili ilitoka nyumbani. Walikuwako Waislamu wenzake walioona kwamba kumsomesha mwana wa kike ni kumharibu. Kwa sisi tuliokalia mkeka wa chuoni, tukafundishwa kwamba amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu ilikuwa ya kusoma, hoja hiyo ni nzito kuielewa, lakini tumeisikia, na ilisemwa na watu wazima wenye vilemba. Inasimuliwa kwamba Haji alimtuma mtu kwa maulamaa wa miji mitukufu akusanye fatwa zao, wenye kupinga wajibiwe kwa sheria na si kwa fedha. Shule ilifunguliwa mwaka 1901, na mkuu wake akawa mwanamke wa Kiislamu, Hanifa Melikova.

Mji wa Baku ulikuwa na dhiki ya maji matamu. Haji akawa katika waliosimamia mradi wa mhandisi Mwingereza, William Lindley, wa kuyavuta maji kutoka chemchemi za Shollar, na mwaka 1917 yakafika.

Mwaka 1920 Wabolsheviki waliingia Baku wakatwaa kila kitu: kiwanda, majumba, akiba. Aliachiwa nyumba ya shamba huko Mardakan, na huko ndiko alikofia tarehe 1 Septemba 1924. Alizikwa huko huko, miguuni pa mwanachuoni Akhund Abuturab, kama alivyousia. Mjane wake, Sona, binti wa jenerali, alikufa fukara mwaka 1938.

Jumba lake kuu sasa ni makumbusho ya historia ya taifa. Na katika jengo la ile shule ya wasichana, vyumba walimoketi mabinti wale, mmehifadhiwa maelfu ya vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, vya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki.